Jeraha la Akili Nalo Lilipwe

Mwandishi mmoja amechapisha hoja hii: mwajiri asilipe fidia ya jeraha la akili, kwa kuwa halipimiki, litavutia waongo, na mfanyakazi aliijua kazi aliyoikubali.

Halipimiki? Maumivu mengi ya mgongo hayaonekani kwenye eksirei, na bado madaktari huyatathmini. Shirika la Kazi Duniani liliingiza msongo unaotokana na kiwewe katika orodha yake ya magonjwa ya kazini mwaka 2010. Mwandishi amechelewa mno.

Waongo? Wapo hata kwenye madai ya mguu uliovunjika. Ndiyo kazi ya daktari na mahakama kuwabaini.

Lakini hili la "aliijua kazi" linatia hasira. Vijana walioajiriwa Nairobi kuchuja maudhui ya Facebook walikaa mbele ya skrini wakitazama mauaji, watu wakijiua, watoto wakidhulumiwa, zamu baada ya zamu. Mwaka 2024, ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha kuwa zaidi ya 140 kati yao wana ugonjwa huo wa kiwewe. Wote hao wanaigiza? Na hata tuseme walijua. Mchimba mgodi naye anajua kuwa mwamba huanguka. Ukimponda, nani atathubutu kumwambia akajitibu mwenyewe? Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini haimuulizi majeruhi kama aliijua hatari.

Wenzao wa Marekani, kwa kazi hiyohiyo ya kuchuja maudhui, Facebook ilikubali mwaka 2020 kuwalipa dola milioni 52. Mwandishi atuambie kwa nini akili ya Mkenya isilipwe.