Bendera zashushwa pamoja, mikono haishikani: Lango la Wagah na uhusiano wa India na Pakistan

TANGU mwaka 1959, askari wa India na wenzao wa Pakistan wamekuwa wakikutana jioni penye lango la Attari-Wagah, mkoani Punjab, kushusha bendera za mataifa yao jua linapozama. Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza, shughuli hiyo hufanana zaidi na ngoma ya mashindano kuliko gwaride la kijeshi. Kwa wanaofuatilia siasa za Asia ya Kusini, hicho ni kipimo cha joto la uhusiano wa mataifa mawili yenye silaha za nyuklia.

Mwezi Aprili 2025, kipimo hicho kilionyesha homa kali. Tarehe 22 mwezi huo, watu 26 waliuawa kwa kupigwa risasi karibu na mji wa Pahalgam, katika eneo la Kashmir linalotawaliwa na India. Serikali ya India iliinyoshea kidole Pakistan, nayo Pakistan ikakanusha kuhusika.

Siku mbili baada ya mauaji hayo, Kikosi cha Ulinzi wa Mpaka cha India, BSF, kilitangaza kwamba shughuli ya jioni itapunguzwa. Makamanda wa pande mbili hawatapeana mikono, na malango yatabaki yamefungwa muda wote.

Bendera zenyewe ziliendelea kushushwa. Yaliyoondolewa ni mambo mawili yasiyozidi dakika chache kwa siku. Hata hivyo, ukiyaondoa hayo mawili, kinachobaki ni ghadhabu peke yake.

Mstari wa wiki tano

Lango hilo lipo katika barabara kuu ya kale inayounganisha Lahore, Pakistan, na Amritsar, India. Miji hiyo miwili imetengana kwa kilomita 50 hivi tu, na kwa karne nyingi wakazi wake walifanya biashara, walioana na walizuru sehemu takatifu bila kuvuka mpaka wowote.

Hali ilibadilika mwaka 1947. Mwanasheria wa Kiingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amewahi kufika India, alipewa takriban wiki tano kuchora mstari wa kuigawa Punjab na Bengal. Mstari huo ulitangazwa rasmi tarehe 17 Agosti, siku chache baada ya nchi hizo kupata uhuru. Yaani, watu walikwisha kusherehekea uhuru kabla ya kujua kwa hakika kijiji chao kimeangukia nchi gani.

Watu kati ya milioni 12 na 15 walihama makwao. Makadirio ya waliokufa hutofautiana, kuanzia laki mbili hadi milioni moja na zaidi. Barabara hiyo hiyo ambayo leo watalii huifuata kwenda kutazama gwaride ndiyo waliyopita wakimbizi wengi, Waislamu wakielekea magharibi, Wahindu na Masingasinga wakielekea mashariki.

Jambo hili halikosi kuigusa Afrika Mashariki. Wengi wa vibarua na mafundi walioletwa kujenga Reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, walitoka Punjab ilipokuwa bado nzima. Baadhi ya vizazi vyao vinavyoishi Nairobi, Kisumu na Kampala vina asili katika vijiji ambavyo leo viko Pakistan, na vingine katika vijiji vilivyo India.

Ushindani unaohitaji ushirikiano

Mambo yenyewe huendeshwa kwa utaratibu usiobadilika sana. Watazamaji huketi katika majukwaa makubwa pande zote mbili za mpaka. Upande mmoja hupaaza sauti ya "Hindustan Zindabad", upande wa pili hujibu kwa "Pakistan Zindabad", na wahamasishaji wenye vipaza sauti huhakikisha kelele hazipoi.

Kisha hutokea askari. Wale wa BSF huvaa kaki na vilemba vyenye kishungi chekundu mfano wa jogoo. Rangers wa Pakistan huvaa nguo nyeusi. Wote huchaguliwa kwa urefu wao. Hutembea kwa kasi kuelekea langoni, hurusha mguu hadi usawa wa kichwa, huugongesha chini kwa kishindo, kisha hutoa kifua na kumkodolea macho mwenzao wa upande wa pili.

Jambo ambalo makelele hayo huficha ni kiasi cha maelewano kinachohitajika. Saa ya India imeitangulia ile ya Pakistan kwa nusu saa, lakini bendera huanza kushuka kwa wakati mmoja. Kamba huvutwa kwa mwendo mmoja, kwa kuwa hakuna upande unaokubali bendera yake iwe chini ya nyingine hata kwa nukta chache. Ili kushindana kwa namna hiyo kila jioni, wahasimu hawana budi kuwasiliana na kuaminiana.

Kwa sababu hiyo, wachambuzi wamegawanyika. Wapo wanaoiona shughuli hii kuwa dawa, kwa hoja kwamba uhasama unaochezwa hadharani na kumalizika kwa kupeana mikono ni afadhali kuliko ule unaofichwa. Wengine husema ni shule ya chuki, kwani watoto huletwa na wazazi wao kufundishwa kumzomea jirani wasiyewahi kuzungumza naye.

Majeshi yenyewe yaliwahi kukiri kwamba mambo yalivuka mpaka. Mwaka 2010 pande mbili zilikubaliana kupunguza ishara za uchokozi, ambazo pia zilikuwa zikiwaumiza askari magoti na miguu. Lakini ushindani ulipata njia nyingine. Machi 2017 India ilisimamisha mlingoti wa bendera wenye urefu wa meta 110 huko Attari. Miezi mitano baadaye Pakistan ikasimamisha wake wa meta 122. Mwaka 2023 India ikarejea na mlingoti mrefu zaidi, wa futi 418, ambazo ni sawa na meta 127.

Matumaini na majeraha

Historia ya lango hilo ni ya kufunguka na kufungwa. Februari 1999, Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, alilivuka kwa basi kwenda Lahore kukutana na mwenzake Nawaz Sharif. Matumaini yalikuwa makubwa. Miezi michache baadaye nchi hizo zilikuwa zikipigana katika milima ya Kargil.

Desemba 2001, baada ya bunge la India kushambuliwa, usafiri wa basi na treni kati ya nchi hizo ulikatizwa. Basi lilirejea mwaka 2003, na treni ya Samjhauta, jina lenye maana ya makubaliano, ikarejea mwaka 2004. Mwaka 2007 treni hiyo ililipuliwa ikiwa njiani ndani ya India, watu 68 wakafa, wengi wao raia wa Pakistan.

Tarehe 2 Novemba 2014, mtu aliyejitoa mhanga alijilipua upande wa Pakistan wakati umati ukitoka kutazama gwaride. Watu karibu 60 waliuawa. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alilaani shambulio hilo, na siku iliyofuata wananchi wa Pakistan walifika tena kwenye majukwaa kuonyesha kwamba hawakutishika.

Machi 1, 2019, lango hilo hilo lilitumika kumrejesha nyumbani rubani wa kivita wa India, Abhinandan Varthaman, aliyekamatwa baada ya ndege yake kudunguliwa. Siku hiyo India iliahirisha shughuli ya jioni.

Gharama ya lango lililofungwa

Pamoja na uzito wa ishara hizi, hasara halisi hutokea mchana, nje ya macho ya watazamaji. Kwa miaka mingi mizigo ilivushwa hapo vichwani mwa wapagazi, waliokabidhiana magunia penye mstari, kwa kuwa malori hayakuruhusiwa kuvuka hadi mwaka 2007. Kituo kikubwa cha forodha kilifunguliwa Attari mwaka 2012, na vijiji vya jirani vikapata ajira za upakiaji, udereva na vibanda vya chakula.

Mwaka 2019, baada ya shambulio la Pulwama, India ilipandisha ushuru wa bidhaa za Pakistan hadi asilimia 200. Agosti mwaka huo, India ilipoiondolea Kashmir hadhi yake maalumu, Pakistan ilisimamisha biashara na treni ya Samjhauta ikakoma. Walioumia kwanza ni wapagazi na madereva wa Attari, wala si wanasiasa wa Delhi au Islamabad.

Aprili 2025 ilikuwa zamu ya familia. India ilifunga kituo cha Attari na kufuta viza za Wapakistani, nayo Pakistan ikajibu kwa hatua kama hizo. Kwa siku kadhaa watu walijazana langoni wakiwahi muda uliowekwa. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wenye pasipoti za India walioolewa Pakistan, ambao walizuiwa huku watoto wao wenye pasipoti za Pakistan wakitakiwa kuondoka. Wagonjwa waliokuwa wakitibiwa nao walitakiwa kurudi kwao.

Tarehe 7 Mei, India ilishambulia maeneo kadhaa ndani ya Pakistan na katika Kashmir inayotawaliwa na nchi hiyo. Mapigano yalidumu siku nne hadi yaliposimamishwa tarehe 10. Watazamaji walizuiwa kufika mpakani, na shughuli iliporejea baada ya siku kumi hivi, ilirejea pungufu: mateke na vishindo vilikuwapo, lakini malango yalibaki yamefungwa na mikono haikushikana.

Kuna somo katika mpangilio huo. Serikali ziliona ni hatari kisiasa kuonekana zikimpa adui mkono kwa nukta mbili, lakini hazikuona hatari yoyote kuendelea kuwapa wananchi wao burudani ya hasira. Ni rahisi kuendeleza ghadhabu, kwa kuwa haimgharimu kiongozi kura hata moja.

Waswahili husema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Punjab nyasi hizo ni mpagazi asiye na mzigo, na mama aliyesimama upande mmoja wa lango ilhali mwanawe yuko upande wa pili. Kwa hiyo, hata siku makamanda watakapopeana tena mikono, hiyo itakuwa dalili ya kwanza tu ya nafuu. Dalili ya kupona itaonekana mchana, lori la kwanza litakapovuka na familia ya kwanza itakapopita bila kulia.