Gari la mali kauli halirudishwi kwa ufunguo wa akiba

Kuuziana magari kwa mali kauli kumezoeleka sana mijini kwetu. Mnunuzi anatoa kianzio, anakabidhiwa gari, salio atalipa kidogo kidogo. Miezi ya mwanzo pesa inaingia, kisha zinaanza sababu, na mwishowe simu haipokelewi. Muuzaji, ambaye mara nyingi amebaki na kadi na ufunguo wa akiba, anaanza kuwaza kulivizia gari usiku lilipoegeshwa. Hasira yake ina haki. Hesabu yake ndiyo mbovu, kwa sababu anachodai sasa ni pesa, si gari.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina jambo ambalo wauzaji wengi hawalitarajii. Mali inayojulikana na iliyo tayari kukabidhiwa ikiuzwa bila sharti, umiliki unahama pale pale mapatano yanapofikiwa, hata kama malipo yamesogezwa mbele. Muuzaji ambaye bado anayo mkononi anaweza kuizuia mpaka alipwe. Akishaikabidhi, anabaki na haki ya kudai bei. Kama alitaka gari liendelee kuwa lake hadi shilingi ya mwisho, walipaswa kukubaliana hivyo tangu mwanzo, na sharti kama hilo likiwa la mdomo tu, kulithibitisha ni kazi ngumu. Hii haina maana kwamba mapatano ya mdomo ni bure. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua. Sura ya 214 inataka maandishi kwa mali ya kuanzia Sh200 (bei ambayo leo hainunui hata soda), lakini mnunuzi akishapokea mali au kutoa kianzio, hawezi tena kuponea hapo.

Muuzaji atasema kadi ina jina lake. Ni kweli, na ni turufu ya maana, maana gari lisilo na kadi haliuziki kirahisi. Lakini kadi inaonyesha nani amesajiliwa TRA. Haifuti pesa alizokwishapokea. Chukua gari la Sh12 milioni ambalo mnunuzi ameshalipia Sh7 milioni. Muuzaji akilibeba usiku, ana gari na bado ana milioni 7 za mwenzake, wakati deni lilikuwa milioni 5. Mnunuzi akiripoti wizi, aliyekuwa mdai ndiye anayetakiwa kujieleza. Huenda akajinasua kwa kusema aliamini gari ni lake, ila pengine baada ya kulala mahabusu. Kuwageuza polisi wakusanya madeni nako si jibu: kushindwa kulipa deni, peke yake, ni suala la madai, si jinai.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Kesi huchukua miezi, na gari si kiwanja. Linachakaa, linagongwa, au linachinjwa na kuuzwa spea moja moja. Silidharau pingamizi hilo. Hata hivyo mahakama ya mwanzo inaendesha kesi kwa Kiswahili na inasikiliza madai ya mali inayohamishika hadi Sh30 milioni, kiwango kinachofunika sehemu kubwa ya magari yanayouzwa namna hii. Mdai mwenye sababu ya kuamini kwamba mali inafichwa anaweza kuomba amri ya kulizuia gari kabla ya hukumu. Ushahidi nao upo kuliko watu wanavyodhani. Ujumbe wa simu usemao “nimetuma laki tano ya gari, iliyobaki mwisho wa mwezi” una tarehe, kiasi na ungamo la deni, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inauruhusu mahakamani. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6, ingawa anayesubiri mwaka wa tano atakuta gari limebaki bodi tupu.

Kuna pia njia ya hiari, na mara nyingi ndiyo ya nafuu: mnunuzi aliyelemewa alirudishe gari. Safari hii basi waandikishiane kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa: gari limerudi katika hali gani, kiasi gani kinakatwa kwa miezi lililotumika, kiasi gani mnunuzi anarudishiwa na lini, na faini za barabarani zilizolimbikizwa kwenye namba hiyo analipa nani.