Pikipiki ya mwanzo kwa kijana wetu: leseni ya daraja gani, na chombo gani?



Sifa zote njema ni za Allaah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake. Amma baad:

Tulipokuwa Magomeni, Mtwara, baada ya darsa ya Ishaa alitujia mzee mmoja, mkulima wa korosho. Fedha za mnada zimeingia, na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne anataka pikipiki aingie bodaboda. Kachagua Boxer 150 kwa kuwa ina nguvu. Leseni hana, na kijiweni wamemwambia yupo mtu wa kumpatia bila kufanya mtihani. Mzee akauliza: “Sheikh, nikinunua nina makosa?”

Swali hili si la mzee mmoja. Kila msimu wa korosho linaulizwa majumbani, Mtwara mpaka Newala. Basi tuliangalie kwa pande zote mbili, sheria ya nchi na sharia ya dini.

Sheria ya nchi

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka kila mwendeshaji awe na leseni ya daraja la chombo anachoendesha. Wengi hudhani leseni ya pikipiki ni moja tu. Sivyo. Daraja A3 ni la vipikipiki visivyozidi cc 50. A1 ni la pikipiki ndogo, na A ni la zile zinazozidi cc 125. Kwa hiyo Boxer 100 inaingia A1, lakini Boxer 150 inataka A. Kijana mwenye A1 akipanda Boxer 150, leseni anayo mfukoni, lakini kwa chombo kile ni kama hana. Ikitokea ajali, kampuni ya bima itaanza kuuliza hapo hapo.

Njia ya halali inajulikana: leseni ya kujifunzia, mafunzo katika chuo cha udereva kinachotambuliwa, mtihani wa polisi wa usalama barabarani, cheti cha umahiri, kisha malipo na leseni kutoka TRA. Mwenye kubeba abiria kwa malipo ana jambo la ziada. Tangu kanuni za mwaka 2010 pikipiki ya biashara inatakiwa iwe na leseni ya usafirishaji, jambo ambalo leo liko chini ya LATRA iliyochukua nafasi ya SUMATRA.

Katika bajeti ya 2021/22 Serikali ilishusha faini ya makosa ya bodaboda na bajaji kutoka Sh 30,000 hadi Sh 10,000 kwa kosa. Ilikuwa ni kuwahurumia wenye kipato kidogo, nasi tunaiona ni kheri. Lakini vijiweni pametoka hesabu nyingine: elfu kumi ni nafuu kuliko ada ya chuo, basi tutalipa tukikamatwa. Hapa ndipo dini inapoingia.

Sharia ya dini

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Bandar Seri Begawan, Brunei, mwaka 1993, lilipitisha azimio namba 71 kuhusu ajali za barabarani. Limeamua kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini, kwa sababu ni kumtii mwenye mamlaka katika jambo la maslaha ya watu. Na mwendeshaji anawajibika kwa madhara anayoyasababisha, hata kama hakukusudia.

Aya ya 92 ya Suratun-Nisaa imeweka juu ya mwenye kumuua Muumini kwa kukosea kafara na diya: kuacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo, na diya wapewe jamaa wa marehemu, ila wakisamehe. Faini ya askari imeshuka. Diya haikushuka, wala miezi miwili haikupunguzwa.

Na Mtume (swalla Allaahu alayhi wa sallam) amebainisha kuwa anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba atalipa madhara atakayoyaleta. Tunaona maana hiyo inamfika pia anayebeba roho za watu bila kujifunza kuendesha. Ama leseni ya kununua, ni rushwa na ushahidi wa uongo kwa pamoja. Ni haramu kwa anayeitoa na anayeichukua.

Tuliyomjibu mzee

Kununua pikipiki ni halali, na kazi ya bodaboda ni riziki ya halali. Kosa ni kumkabidhi chombo asiyejua kukiendesha. Ajali ikitokea, baba aliyetoa ufunguo akijua hatoki salama mbele ya Mola wake. Basi sehemu ya fedha za mnada ilipie chuo kwanza, pikipiki baadaye.

Na ya mwanzo iwe ndogo: Boxer 100, TVS 100 au mfano wake. Akae juu yake, nyayo zote mbili zikanyage chini. Aweze kuinyanyua mwenyewe ikianguka. Wasiojizoeza huanguka kwenye mchanga wa njia ya Msimbati, na zaidi wakiwa wamepakia mishikaki. Nguvu ya Boxer 150 ndiyo inayomshawishi kijana kupakia watu watatu na gunia. Ibaki fedha ya kofia ngumu mbili, yake na ya abiria, na ya bima. Akishapata uzoefu na daraja A, abadilishe.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema: “Basi atangoja mpaka Ramadhani.” Tukamwambia kungoja huko kuna kheri, in shaa Allaah.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.