Kamani, Akrabu na Kobalti Yetu

Wapo wanaosema kwamba saa ya mkono yenye bei ya nyumba ni upuuzi wa matajiri, na kwamba mwanafunzi wa Likasi hana sababu ya kuizungumzia. Kuhusu bei nakubaliana nao. Kuhusu ufundi uliomo ndani ya saa hizo, hapana. Ufundi huo unatuhusu sisi watu wa mji wa madini, na unatuhusu zaidi sisi wa kitivo cha lugha.

Tuutazame ufundi wenyewe. Saa ya aina hii haina betri. Ukiijaza, kamani, yaani utepe mwembamba wa metali uliozungushwa ndani ya pipa dogo, hujikaza. Kisha hujikunjua polepole na kusukuma magurudumu yenye meno. Mwishoni kuna gurudumu la mizani linaloyumba huku na huku, katika saa nyingi za leo mara nane kwa sekunde, likiruhusu nguvu ipite kidogo kidogo. Mlio tunaousikia ni wa nguvu hiyo kuzuiwa na kuachiliwa.

Juu ya msingi huo mafundi huongeza kazi nyingine. Ipo kalenda inayojua yenyewe kwamba Februari ni fupi, na kwamba kila mwaka wa nne hupata siku ya 29. Siri yake mara nyingi ni gurudumu linalozunguka mara moja tu kwa miaka minne, lenye mabonde ya vina tofauti ukingoni. Kalenda hiyo haihitaji kusahihishwa hadi 2100. Ipo saa ambayo, ukiiamuru gizani, hukugongea saa, robo na dakika kwa nyundo ndogo. Abraham-Louis Breguet alipata hataza mjini Paris mwaka 1801 kwa kizimba kinachoizungusha mizani yenyewe, ili mvuto wa dunia usiipotoshe. Saa ya mfukoni ambayo Patek Philippe waliikabidhi kwa Mmarekani Henry Graves mwaka 1933 ina kazi 24 na sehemu 920, na ilibuniwa bila kompyuta. Mwaka 2014 iliuzwa mnadani Geneva kwa takriban dola milioni 24.

Sasa tuulize: imetengenezwa kwa nini? Bamba linalobeba magurudumu kwa kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki. Kamani nyingi za leo ni za Nivaflex, aloi ambayo karibu asilimia 45 yake ni kobalti. Shaba na kobalti ndiyo kazi ya Shituru. Hata Shinkolobwe, tunayoikumbuka kwa bomu, ilitoa kwanza madini ya radiamu, yaliyosafishwa Olen, Ubelgiji, kuanzia 1922, enzi ambayo radiamu ilitiwa katika rangi ya kung'arisha nyuso za saa usiku. Sidai kwamba kila saa ya Geneva ina metali ya Likasi. Metali ikishayeyushwa haina kitambulisho. Ninachosema ni kwamba gramu chache za shaba na kobalti hupata thamani kubwa mno zikipita katika mikono yenye ujuzi, na ujuzi hurithishwa kwa maneno.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Kuna dhana, hata miongoni mwa wasomi, kwamba Kiswahili ni cha soko na nyumbani, na kwamba ufundi ni wa Kifaransa. Lakini kamani ni neno la Kiswahili, lililotoka Bara Hindi. Akrabu, mshale wa saa, limetoka katika neno la Kiarabu la nge. Watu wa pwani walipoletewa chombo kigeni walikipa majina na kuendelea na kazi. Hata kusoma saa tuna namna yetu: akrabu yaonyesha 7 asubuhi, nasi twasema saa moja, kwa kuwa siku yetu huanza na macheo. Saa ghali sana huongezewa kazi ya kuonyesha tofauti kati ya wakati wa jua na wakati wa saa, tofauti inayofika dakika 16 hivi. Sisi kulifuata jua tumekuzoea.

Pendekezo langu ni dogo. Wanafunzi wawili watatu wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo waende kwa mafundi saa wa mjini, wakae nao, waandike kila jina la sehemu na kila kitenzi cha kazi, kiwe cha Kiswahili au cha Kifaransa kilichovaa Kiswahili. Simu zinawanyima mafundi hao wateja, na fundi akifunga kibanda chake, msamiati wake hufungwa naye. Orodha ya maneno mia moja yaliyothibitishwa ingetufaa kuliko insha kumi za kulalamika kwamba lugha yetu haina istilahi.