Kaske ya angani na kaske ya shimoni

Ndugu wachimbaji, kaske ya mutu wa angani haiko ya kuzuia mawe. Ni nyumba ndogo ya hewa. Imetengenezwa na polikarbonati, plastiki ngumu sana, na inafungwa kabisa na nguo, sababu kule juu hewa hamna. Oksijeni inaingilia nyuma ya kichwa, inapita mbele ya uso na kufukuza pumzi chafu.

Tarehe 16 Julai 2013, Muitaliani Luca Parmitano alikuwa inje ya stesheni ya kimataifa. Maji yakajaa ndani ya kaske, karibu litre moja na nusu, yakafunika pua na macho. Alirudi ndani kwa shida. Lakini hadisi haikuanza siku ile. Juma moja mbele, maji yalisha onekana katika kaske ileile. Wakasema: ni mufuko wa maji ya kunywa unavuja. Kumbe kifaa cha ndani ya nguo ndicho kiliziba.

Ajali kubwa inatangulizaka alama. Kwetu shimoni, alama ni kichwa kuuma na miguu kulegea. Mara ngapi tunasema «ni uchovu tu»? Motopompi ikiwashwa chini, moshi wake uko na gazi isiyo na harufu, inaua kimya. Mimi nilisha pandisha rafiki aliyelegea hivyo. Asubuhi alilalamika kichwa, tukamucheka. Kaske yetu inazuia jiwe, haizuie gazi.

NASA ilifanya nini? Ilisimamisha kazi ya inje, ikachunguza, kisha ikaweka ndani ya kaske kitambaa cha kunyonya maji na bomba ndogo ya kupumulia. Dawa ya bei ndogo. Mwaka 2022 maji yakaonekana tena katika kaske ya Mujerumani Matthias Maurer, wakasimamisha tena.

Basi hapa Mutwanga tudai mambo tatu kwa wenye mashimo. Motopompi ibaki inje. Hewa safi iingizwe kwa bomba mbele ya watu kushuka. Na mwenye kusema «kichwa kinauma» apande bila kukatiwa sehemu yake, maana leo wengi wananyamaza kwa kuogopa kupoteza chakula cha watoto.

Mama na bibi mulio nyumbani, muulize kila jioni: leo kichwa hakikuuma? Kupanda si uoga. Kule angani wanasimamisha kazi kwa maji kidogo tu; sisi pia tuna haki ya kusimama.