Benki Ni ya Nani? Mweka Akiba Ana Haki ya Kujua

Mwananchi wa Bonde la Ufa amezoeshwa kuuliza maswali mawili tu aingiapo katika benki: riba ni kiasi gani, na mkopo utapatikana lini? Swali la tatu hakufundishwa kuliuliza, na pengine halikukusudiwa aliulize: benki hii ni ya nani? Mama auzaye viazi sokoni Molo, mfugaji wa Njoro apelekaye maziwa kila alfajiri, kibarua wa mashamba ya maua ya Naivasha, na mweka hazina wa kigango aliyekabidhiwa sadaka na michango ya ujenzi, wote hupitisha fedha zao chini ya kioo kile kile bila kujua ni mkono wa nani unaozipokea upande wa pili. Sisi twasema kwamba swali hilo si la wenye mali peke yao. Ni swali la utawala bora, na ni sehemu ya mageuzi ambayo hatujayamaliza.

Tuanze na hesabu nyepesi. Tuchukue mfano wa benki ndogo yenye mtaji wa shilingi bilioni moja na amana za wananchi za shilingi bilioni nane. Mtu mwenye robo ya hisa ametoa mfukoni shilingi milioni 250 tu. Lakini akishirikiana na wenzake wawili, huteua wakurugenzi, na wakurugenzi humteua meneja mkuu, na meneja mkuu ndiye atiaye sahihi mikopo inayotokana na zile bilioni nane. Ndiyo kusema kwamba katika benki, mwenye kuleta fedha nyingi hana kura, na mwenye kura huleta fedha chache. Hali hiyo si dhambi yenyewe. Ndivyo benki zilivyo duniani kote. Inakuwa hatari pale mwenye kura anapogeuka kuwa mkopaji, akakaa pande zote mbili za meza, akajiombea mkopo na kujikubalia. Wahenga walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere.

Historia yetu imejaa mifano. Miaka ya 1984 hadi 1986 taasisi za fedha za wenyeji zilianguka moja baada ya nyingine, zikiwemo Rural Urban Credit Finance na Continental Bank. Mwaka 1993 ikaanguka Trade Bank. Mwaka 1998 ikafungwa Trust Bank. Kizazi kilichofuata kilidhani mambo hayo yamepita. Kumbe yalikuwa yamelala. Agosti 2015 Dubai Bank iliwekwa chini ya mrasimu, Oktoba mwaka huo huo ikafuata Imperial Bank, na tarehe 7 Aprili 2016 ikawa zamu ya Chase Bank, baada ya hesabu zilizotolewa upya kuonyesha kwamba mikopo ya watu wa ndani ilikuwa mikubwa zaidi sana kuliko ilivyotangazwa kwanza. Sababu hazikulingana katika kila benki, lakini jambo moja lajirudia kama kibwagizo: watu wa ndani, na marafiki wa watu wa ndani, walikopa kwa namna ambayo mgeni wa mlangoni asingekubaliwa.

Tusogee karibu na nyumbani. Trans-National Bank ilianza katikati ya miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ilijulikana kama benki iliyopeleka matawi yake katika miji ya kilimo ya Bonde la Ufa. Mkulima alijua jina la karani aliyemhudumia. Wenye benki hakuwajua. Sehemu kubwa ya hisa zake ilishikwa na makampuni ya uwakala na udhamini, majina yasiyo na sura wala anwani katika fikira za mwananchi. Magazeti ya nchi hii, kwa miaka mingi, yaliihusisha benki hiyo na watu waliokuwa karibu na Rais Moi. Hatusemi kwamba kuwa karibu na mkubwa ni kosa la jinai. Sisi ni watu wa sheria na hatuhukumu bila ushahidi. Twauliza tu: kama umiliki ulikuwa halali na wa haki, pazia lilikuwa la nini? Mwaka 2020 benki hiyo ilinunuliwa na Access Bank ya Nigeria, na jina la zamani likafutwa juu ya milango. Mkulima alibadilishiwa mwenye nyumba bila kuwahi kumjua yule wa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwapa hisa taasisi kubwa za umma badala ya watu binafsi. Tungekubali upesi, lau tusingekuwa na mfano wa National Bank of Kenya. Benki hiyo iliundwa na Serikali mwaka 1968. Baada ya hisa zake kuanza kuuzwa kwa umma mwaka 1994, wamiliki wake wakuu walikuwa Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF, yenye takriban asilimia 48, na Wizara ya Fedha, yenye takriban asilimia 22. Tafakarini maana yake, ndugu zetu. Kibarua wa Naivasha anayekatwa mchango wa NSSF kila mwezi kwa amri ya sheria alikuwa mmoja wa wamiliki wa benki hiyo. Je, aliitwa kwenye mkutano wa wenyehisa? Aliulizwa nani awe mkurugenzi? Kura yake ilipigwa na walioteuliwa na wakubwa, nao walijua ni nani wa kumpendeza. Mikopo ilitolewa kwa vigogo na kwa mashirika ya Serikali, na mingi haikurudi. Mwaka 1998 waweka amana walikimbilia madirishani kuokoa fedha zao. Mwaka 2007 Serikali ilitoa hati za dhamana za shilingi bilioni 20 ili kuziba pengo la mikopo hiyo. Nani aliyelipa? Ni mlipa kodi, yaani kibarua yule yule, safari hii kwa mfuko wake wa pili.

Mwaka 2019 benki hiyo ilichukuliwa na kundi la KCB kwa kubadilishana hisa, kumi za NBK kwa moja ya KCB. Mwaka 2025 ikauzwa kwa Access Bank. Tazameni basi: benki ya watu wachache waliojificha na benki ya umma usiosikilizwa zimeishia mikononi mwa mnunuzi mmoja. Hatuna ugomvi na mnunuzi huyo. Funzo letu ni kwamba umiliki wa taasisi si umiliki wa watu mpaka watu waweze kuisimamia taasisi yenyewe. Walimu wetu wamelijua hilo kwa machungu. Chama chao cha akiba na mikopo, Mwalimu, kilinunua robo tatu ya Equatorial Commercial Bank, baadaye ikaitwa Spire, kwa zaidi ya shilingi bilioni mbili. Kilichonunuliwa kikawa jiwe shingoni, na mwaka 2023 sehemu ya mali na madeni ya benki hiyo ikahamishiwa Equity. Akiba ya mwalimu wa Subukia na ya mwalimu wa Rongai ilikuwa ndani ya biashara hiyo, apende asipende.

Wazee wa Nakuru hawatashangaa. Wanakumbuka makampuni ya kununua mashamba ya miaka ya 1970, Ngwataniro ikiwa miongoni mwa makubwa, jinsi watu maskini walivyouza mbuzi na kuku ili wapate cheti cha hisa, na jinsi migogoro ya mipaka na hati ilivyowafuata hadi uzeeni. Wanakumbuka pia KCC, kiwanda kilichojengwa kwa maziwa ya wafugaji, kilivyouzwa mwaka 2000 kwa kikundi cha watu wachache hadi Serikali mpya ilipokirudisha mwaka 2003. Kila mara cheti kilikuwa mkononi mwa wengi na ufunguo mfukoni mwa wachache.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Benki, Sura ya 488, si bubu. Kifungu cha 13 chakataza mtu binafsi kumiliki zaidi ya asilimia 25 ya hisa za benki, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, na chaamuru kwamba kampuni au wakala ashikaye hisa kwa niaba ya mwingine aifichulie benki na Benki Kuu jina la mmiliki halisi. Tangu mwaka 2020, kanuni za makampuni nazo zadai wamiliki halisi waandikishwe kwa Msajili. Haya ni mema. Lakini angalieni nani anafichuliwa kwa nani. Jina laenda Benki Kuu na kwa Msajili, na huko linafungiwa; rejista ya wamiliki halisi haiko wazi kwa mwananchi. Mwenye kuweka fedha zake hatarini ndiye pekee asiyeambiwa.

Kuhusu mikopo ya ndani, kifungu cha 11 na kanuni za Benki Kuu zaweka mpaka: mtu mmoja wa ndani asikopeshwe zaidi ya asilimia 20 ya mtaji wa msingi, na jumla ya mikopo ya watu wa ndani isizidi asilimia 100 ya mtaji huo. Someni tena tarakimu hiyo ya mwisho. Wenye benki wanaweza, kwa pamoja na bila kuvunja sheria, kukopa kiasi sawa na mtaji wote uliopo. Siku hiyo ikifika, kinachobaki hatarini ni jasho la mweka amana. Naye, benki ikianguka, bima ya amana humlipa kwa upesi kiasi kisichozidi shilingi 500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2020 kutoka 100,000. Kwa mtu mmoja huenda ikatosha. Kwa kanisa lililochanga miaka sita ili lipate bati na madirisha, haitoshi.

Tumesikia pingamizi. Inasemekana kwamba kuuliza maswali haya kutaleta hofu na kuziangusha benki. Sisi twaona kinyume chake. Uvumi hustawi gizani. Mwaka 1998 watu hawakukimbilia madirishani kwa sababu walijua mengi. Walikimbia kwa sababu walikuwa hawajui lolote na waliamini lo lote. Inasemekana pia kwamba umiliki ni siri ya mtu. Siri ya mtu ni akiba yake mwenyewe. Anayeomba leseni ya kutunza akiba za wengine ameingia katika utumishi wa umma, na mtumishi wa umma hana budi kuonekana uso.

Wakati wa kuuliza ni huu. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2024 inazitaka benki ziongeze mtaji wa msingi hatua kwa hatua hadi kufikia shilingi bilioni 10 ifikapo mwaka 2029. Benki ndogo zitahitaji wenyehisa wapya. Hisa zitauzwa, makampuni ya uwakala yatazaliwa, na fedha za uzeeni zitaombwa zije kuokoa. Kama hatutasema sasa, tutaambiwa baadaye kwamba tulikuwepo na tulinyamaza.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, rejista ya wamiliki halisi wa kila benki ifunguliwe kwa umma. Pili, mpaka wa jumla wa mikopo ya watu wa ndani ushushwe sana chini ya mtaji wa msingi. Tatu, mfuko wowote wa wafanyakazi unaoshika hisa za benki utangaze kwa wanachama wake jinsi ulivyopiga kura katika mkutano wa wenyehisa. Nne, mkurugenzi aliyejikopesha kinyume cha sheria ashtakiwe yeye mwenyewe, na mali yake iguswe kabla ya kodi ya mwananchi.

Lakini tusingojee Bunge. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Benki chaitaka kila benki ibandike hesabu zake zilizokaguliwa, pamoja na majina kamili ya wakurugenzi, mahali pa wazi katika kila tawi, mwaka mzima. Hesabu za kila robo mwaka nazo huonyesha mstari wa mikopo ya wakurugenzi, wenyehisa na wafanyakazi. Twawaomba waweka hazina wa parokia, wa vikundi vya akina mama na wa vyama vya akiba, kutoka Bahati hadi Gilgil, waingie katika tawi lao wiki hii, wausome mstari huo, waulinganishe na mtaji wa msingi, na waunakili katika daftari. Karani akiwauliza mnatafuta nini, mjibuni kwa adabu kwamba mnatimiza haki mliyopewa na sheria. Kisha yasomeni mliyoyakuta mbele ya wanachama.

Kanisa katika sehemu hizi lina urithi wa ujasiri. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Nakuru hadi mwaka 1996, alisema waziwazi juu ya ghasia za kikabila wakati ambapo kunyamaza kulikuwa salama zaidi. Kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani ni ujasiri mdogo kuliko huo. Injili nayo yatufundisha kwamba wakili hutakiwa kutoa hesabu ya uwakili wake.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na nchi ikatoka katika chama kimoja. Tulidhani siku ile kwamba giza lote limeondoka. Lilihama tu, kutoka sanduku la kura hadi rejista ya hisa. Tuliloweza kulidai katika siasa, na tulidai kwa gharama ya damu na vifungo, hatuwezi kushindwa kulidai katika fedha zetu wenyewe. Benki ni ya nani? Tuulize kwa sauti moja, na tusiondoke dirishani kabla ya kujibiwa.