Msimfukuze Kijana Anayekosa Mpira

Naomba niwaulize swali. Kijana amepewa gongo, amesimama mbele ya maelfu ya watu, na katika msimu mmoja amekosa mpira hadi akatolewa mara 136. Mngemfanya nini? Najua jibu la wengi. Ati arudi kwao akalime! Mimi nasema ngojeni kwanza.

Mchezo ninaouzungumzia ni besiboli ya Wamarekani. Aliyecheza raunda katika shule ya msingi hatapotea, maana michezo hii miwili ni ndugu. Mrushaji husimama umbali wa mita 18 na kitu, akavurumisha mpira. Mpigaji ana makosa 3 tu, na hata kuuacha mpira mzuri upite ni kosa. Kosa la tatu likifika, nje! Nitaliita jambo hilo "kutoka kwa tatu" ili tusisumbuane. Mrushaji naye akitupa mipira mibaya 4 na mpigaji asiiguse, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Shikeni hilo la kituo cha bure, kwa maana ndilo litakalonisaidia kuwashinda mbele.

Sasa, yule kijana wa mara 136 si wa kubuni. Ni Mike Schmidt wa Philadelphia Phillies, mwaka 1973. Katika zamu 367 zilizohesabiwa alipata mapigo safi 72 tu, yaani hata 2 kwa kila 10 hayakufika. Zaidi ya theluthi ya zamu hizo alitoka kwa tatu. Na watu wa Philadelphia wanajua kuzomea, wacha! Lakini klabu haikumwacha. Mwaka uliofuata, 1974, alipiga mipira 36 ikavuka ukuta, kuliko mpigaji mwingine yeyote wa Ligi Kuu mwaka huo. Je, aliacha kukosa? La hasha! Alitoka kwa tatu mara 138, zaidi ya mwaka wa aibu, ila safari hii zamu zilikuwa 568. Alipostaafu mwaka 1989 alikuwa amevusha mipira 548 na kutajwa mchezaji bora wa ligi yake mara 3. Mwaka 1995 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown.

Kwani kijana hukosa kwa nini? Si uvivu. Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika kwa mpigaji kwa muda wa nusu sekunde haujatimia. Hapo ndani ya muda huo lazima auone, aamue, azungushe gongo. Katika ligi za chini alizoea mipira iliyonyooka. Huku juu anakutana na wazee wa kazi, mpira unakuja kama umenyooka, kumbe unazama ukikaribia. Tena warushaji huambizana. Wakigundua kwamba kijana hawezi ule wa chini upande wa nje, basi atatupiwa huohuo mpaka ajifunze au achoke. Macho hayafundishwi kwa hotuba. Hufundishwa kwa mipira mingi, na mingi ya hiyo lazima ikoswe.

Makocha wa aina fulani humwambia kijana apunguze nguvu, augusee tu mpira, mradi asitoke kwa tatu. Hapa ndipo ninapowapinga kabisa. Kutoka ni kutoka. Mpigaji aliyeugusa mpira ukadakwa na mpinzani naye ametoka vilevile, na kama mwenzake alikuwa kituo cha kwanza, mpira dhaifu wa kubingirika chini unaweza kuwatoa wawili kwa mpigo. Aliyekosa kabisa ametoka peke yake. Tofauti kubwa ni fedheha. Mtu kajizungusha kwa nguvu zake zote akapiga hewa, umati unacheka. Sisi wa kandanda tuna bahati: mshambuliaji akipaisha mpira, kufikia Jumatatu tumesahau. Kwenye besiboli kila kosa linaandikwa daftarini, na linabaki humo miaka mia.

Kuna kisa cha Mickey Mantle. Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 19, aliingia New York Yankees kwa sifa kubwa, akaanza kutoka kwa tatu ovyo. Mwezi wa Julai alirudishwa timu ya chini huko Kansas City, na huko nako akakwama. Mantle mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alimlalamikia babake kuwa mchezo umemshinda. Mzee, ambaye alikuwa mchimbaji wa madini kule Oklahoma, alifika hotelini, akaanza kumfungia nguo kwenye sanduku: twende basi nyumbani, ukachimbe pamoja nami. Kijana akaomba abaki. Mwezi wa Agosti alikuwa amerudi New York, na mwaka 1956 aliongoza ligi yake kwa mambo yote matatu makubwa ya upigaji. Wazee hukipenda kisa hiki kwa ajili ya ukali wa baba. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine: Yankees hawakumtupa. Walimpeleka mahali ambapo angekosa bila macho ya New York yote kumkodolea.

Mtaniambia, mbona Tony Gwynn wa San Diego alicheza misimu 20 na akatoka kwa tatu mara 434 tu? Kweli. Huyo alikuwa fundi wa kipekee, na mipira aliyovusha ukuta maisha yake yote ni 135. Kumdai kila kijana awe Gwynn ni kumdai kila mwimbaji wa kwaya aimbe sauti moja.

Lakini nisiwadanganye, subira pekee haitoshi. Brandon Wood alivusha mipira 43 katika ligi ya chini mwaka 2005, na watu wakaona Angels wamepata almasi. Ligi Kuu ikamshinda. Mwaka 2010 wastani wake ulikuwa .146, duni kuliko wa Schmidt wa mwaka 1973 ambao ulikuwa .196. Nguvu alikuwa nazo, ila aliufuata kila mpira, mbaya na mzuri. Linganisheni: Schmidt katika mwaka wake wa aibu alipewa kituo cha bure mara 62. Huyu alikuwa anaona! Mkono ndio ulikuwa bado haujalifikia jicho.

Na msidhani ni mambo ya kale. Aaron Judge aliingia Yankees mwezi wa Agosti 2016, na katika zamu 84 alitoka kwa tatu 42. Nusu nzima, jamani! Mwaka 2017 alitoka kwa tatu mara 208, lakini alivusha mipira 52 na akapewa kituo cha bure mara 127. Mwaka 2022 alivusha 62, akaivunja rekodi ya ligi yake ya 61 iliyowekwa na Roger Maris mwaka 1961.

Kwa hiyo ningekuwa mimi mwenye klabu, nisingeanza na safu ya kutoka kwa tatu. Ningetafuta safu ya vituo vya bure, halafu niangalie mpira ukigongwa unaenda wapi. Zote mbili zikiwa mbovu baada ya misimu miwili au mitatu, hapo nitakubali kumwachilia kijana. Kabla ya hapo, hapana. Wapo wenzangu chamani wanaosema misimu mitatu ni mingi mno, na kwamba mwenye tikiti amelipa aone mpira ukipigwa, si upepo. Waandike katika toleo lijalo, nitawajibu.